Nani Alimuuliza Panya?

Napinga sentensi moja. Sentensi yenyewe ni hii: "Vasopresini ni homoni ya kumbukumbu." Utaikuta, kwa sura hii au nyingine, katika makala za afya za Kiswahili, katika vitini vya kozi za tafsiri, na siku hizi katika matangazo ya wauza dawa wa mtandaoni. Ina dada yake, ile isemayo kwamba peptidi fulani ya ubongo "huwapunguzia panya wasiwasi." Zote mbili ni fupi, zinasomeka vizuri na sarufi yake haina dosari. Ninachodai ni kwamba hazisemi kilichotokea maabara, na kwamba lawama si ya wanasayansi peke yao. Sehemu kubwa ni yetu sisi watu wa lugha.

Najua nitaulizwa: mwanafunzi wa Kiswahili, tena wa Uganda, ana nini na ubongo wa panya? Nina hili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yangu liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo kila kongamano ninalohudhuria lazima atokee msemaji wa kutuhakikishia kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Naamini inaweza. Lakini anayepewa gunia la mahindi alifikishe sokoni, akafika na nusu, hawezi kutuambia kwamba amebeba.

Tuanze na kitu chenyewe. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vitu vinavyojenga protini. Vasopresini ina asidi amino 9 tu. Hutengenezwa katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, kisha hutolewa na sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Kazi yake inayojulikana sana inahusu figo: huzuia maji ya mwili yasipotee ovyo kwenye mkojo. Ikiwa nyingi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na jina lake limetokana na kubana huko. Naomba msomaji aliweke akilini hilo la shinikizo la damu, kwa maana tutalihitaji. Oksitosini, ambayo wengi wanaijua kwa uchungu wa uzazi na kutoka kwa maziwa, inatofautiana nayo kwa asidi amino 2 tu. Vincent du Vigneaud, aliyekuwa mtu wa kwanza kuunda homoni ya aina hii katika maabara, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955.

Hadithi ya kumbukumbu ilianza Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1960, kwa mtafiti aliyeitwa David de Wied. Jaribio lake linaelezeka kwa urahisi. Panya anawekwa ndani ya kizimba. Ishara inatolewa. Asipohama katika sekunde chache, anapigwa shoti ya umeme miguuni. Baada ya mara kadhaa anajifunza kuhama mapema. Kisha mtafiti anazima umeme kabisa lakini anaendelea kutoa ishara. Panya wa kawaida ataendelea kukimbia kwa muda, halafu ataacha polepole. De Wied aligundua kwamba panya aliyeondolewa sehemu ya nyuma ya pituitari hujifunza vizuri tu, ila huacha upesi. Na akidungwa vasopresini, huendelea kukimbia kama wenzake. Mwaka 1971 alichapisha katika jarida la Nature kwamba sindano moja iliweza kuwafanya panya waendelee kukimbia kwa siku kadhaa, muda mrefu kuliko homoni yenyewe inavyoweza kukaa mwilini.

Ni ugunduzi mzuri, sina ugomvi nao. Hata kichwa cha makala ile ya 1971 kilikuwa na adabu: kilizungumzia kudumu kwa tabia ya kuepa iliyofundishwa, katika panya. Kumbukumbu haikutajwa kwenye kichwa. Neno hilo lilipanda gari baadaye, na likishapanda halikushuka tena.

Sasa nauliza. Umeme umezimwa. Hatari haipo. Panya mmoja anagundua hivyo na kuacha kukimbia. Mwingine anaendelea kukimbia kila asikiapo ishara, siku baada ya siku. Yupi ana kumbukumbu nzuri? Chukua dereva wa bodaboda ambaye bado anazungukia vichochoroni kukwepa kizuizi cha polisi kilichoondolewa mwaka juzi. Hapa Kampala hatutasema ana kumbukumbu kali. Tutasema hajapata habari, au amepata akang'ang'ania. Kiswahili kina maneno tele ya hali hiyo: kung'ang'ania, kushikilia, kuzoea, kutia shaka. Kila moja lingekuwa karibu zaidi na kile alichofanya panya wa Utrecht kuliko kumbukumbu, neno ambalo kwetu linabeba pia makaburi ya mashujaa na daftari la mkutano.

Halafu likaja lile la shinikizo la damu. Mwaka 1981 Michel Le Moal na wenzake waliwapa panya vasopresini pamoja na dawa inayozuia uwezo wake wa kubana mishipa. Ile tabia ya kuendelea kukimbia ikatoweka. Watafiti wengine walionyesha kwamba kwa vipimo kama hivyo vya homoni panya huanza kukiepuka kinywaji walichokionja kabla ya sindano, ishara kwamba pengine sindano iliwafanya wajisikie vibaya. Ikiwa ni hivyo, inawezekana sana kwamba homoni haikugusa ghala lolote la kumbukumbu. Iliushtua mwili mzima, na mnyama aliyeshtuka hukimbia. Kundi la de Wied lilijibu kwa nguvu: walitengeneza vipande vya vasopresini ambavyo havipandishi shinikizo na wakasema bado vinafanya kazi. Kulikuwa pia na panya wa Brattleboro, jamii iliyogunduliwa katika jimbo la Vermont, Marekani, ambao kwa hitilafu ya urithi hawatengenezi vasopresini, nao hunywa maji na kukojoa mchana kutwa. Mwaka 1975 watu wa Utrecht waliripoti kwamba panya hao ni wasahaulifu. Maabara nyingine zikawapima na hazikuuona usahaulifu huo.

Sitajifanya kuamua mabishano hayo. Ninachosema ni kwamba yalikuwepo, yalikuwa makali, yalichapishwa, na sentensi yetu ya maneno matano imeyafuta yote. Mwaka 1978 watu wachache wenye matatizo ya kumbukumbu walipuliziwa vasopresini puani, na jarida la Lancet likatoa habari za matumaini. Majaribio yaliyofuata hayakuleta dawa ya kumbukumbu. Nenda leo kwenye duka la dawa la hospitali uulize ndugu wa karibu wa vasopresini, desmopresini, hutolewa kwa nini. Utaambiwa ni kwa wenye ugonjwa wa kukojoa kupita kiasi, na kwa watoto wanaokojoa kitandani.

Wale wanaoona natia chumvi, niwakumbushe mkasa wa skotofobini, maana huo ndio unaoonyesha jina linaweza kufanya nini. Georges Ungar, wa Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston, aliwapiga panya shoti ya umeme kila walipoingia kwenye sanduku la giza. Panya kwa asili hupenda giza, lakini hawa wakaanza kulikwepa. Ungar akachukua bongo zao, akazikamua, akawadunga vipanya ambavyo havijawahi kuliona sanduku lile. Akaripoti kwamba navyo vilianza kukwepa giza. Mwaka 1972, baada ya kutumia bongo za panya wapatao 4,000, alitangaza katika Nature kwamba ameipata peptidi yenyewe, ina asidi amino 15, na akaiita skotofobini kutokana na maneno ya Kigiriki ya giza na hofu. Yaani hofu ya giza ndani ya chupa. Katika toleo hilohilo jarida lilichapisha ukosoaji mrefu wa Walter Stewart, aliyeonyesha jinsi ushahidi wa kikemia ulivyolegea. Wengine walijaribu kurudia jaribio bila mafanikio ya kuaminika. Ungar alifariki mwaka 1977, na utafiti ule haukupata mrithi.

Kilichonishangaza niliposoma habari hizo ni jina. Lau angeiita peptidi namba fulani, watu wangebaki wakiuliza inafanya nini. Alipoiita hofu ya giza, swali likaonekana limekwisha jibiwa. Jina lilimaliza kazi kabla ya ushahidi kuanza yake. Na hilo, wenzangu, ndilo somo tunalosomea sisi: istilahi. Haiwezekani tukasema halituhusu.

Kuna jambo jingine katika mkasa huo ambalo Kiswahili chetu kinalificha. Waliofundishwa walikuwa panya wakubwa. Waliodungwa walikuwa vipanya, wanyama wa jamii nyingine kabisa. Mtu akitafsiri wote kwa neno panya, kama tunavyozoea, anafuta jambo la ajabu kuliko yote katika dai la Ungar: kwamba hofu ilivuka kutoka kwa mnyama wa aina moja hadi wa aina nyingine. Neno kipanya lipo, nalo ni fupi. Litumike.

Nije kwenye wasiwasi, ambapo nina kinyongo zaidi.

Kipimo kinachotumiwa sana kupima kinachoitwa wasiwasi wa panya ni kijukwaa chenye umbo la alama ya kujumlisha, kimeinuliwa kama nusu mita kutoka sakafuni. Kina mikono minne. Miwili ina kuta, miwili haina. Panya anawekwa katikati, kwenye njia panda, na mtafiti anahesabu kwa dakika 5: ameingia mara ngapi kwenye mikono iliyo wazi, amekaa humo sekunde ngapi. Akikaa zaidi kwenye kuta, anaandikiwa wasiwasi mwingi. Akitoka nje kuzurura, wasiwasi kidogo. Sharon File na wenzake walikithibitisha kipimo hiki kwa panya mwaka 1985, na mojawapo ya njia za kukithibitisha ilikuwa kuwapa panya dawa za kutuliza za jamii ya Valium na kuona kwamba wanatoka nje zaidi. Kwa hiyo tuna kifaa kilichochaguliwa kwa sababu kinaitambua Valium, nasi tunakitumia kutafuta vitu vinavyofanana na Valium, kisha tunashangilia vikipatikana.

Watafiti wenyewe wanajua udhaifu huu. Ndiyo maana katika makala zao makini hawaandiki wasiwasi mtupu. Wanaandika tabia inayofanana na ya mwenye wasiwasi. Kule kufanana kumewekwa kwa makusudi. Katika Kiswahili kunadondoka. Muhula uliopita tuligawiwa kifungu cha Kiingereza cha kutafsiri. Kifungu kilisema peptidi iliongeza muda ambao panya waliutumia kwenye mikono iliyo wazi, jambo linalochukuliwa kuwa ishara ya kupungua kwa tabia inayofanana na ya wasiwasi. Tafsiri ya mfano tuliyopewa ilisema: "Peptidi hiyo huwaondolea panya wasiwasi." Maneno matano. Ilisifiwa darasani kwa ufupi wake na kwa kuepuka harufu ya Kiingereza. Mimi nilinyoosha mkono, nikaambiwa kwamba msomaji wa kawaida hahitaji hesabu za sekunde. Bado sikubali. Tafsiri yangu ilisema: "Panya waliodungwa peptidi hiyo walikaa muda mrefu zaidi kwenye mikono isiyo na kuta, watafiti huichukua tabia hiyo kuwa inafanana na ya asiye na wasiwasi." Ni ndefu, ndiyo. Haina neno gumu hata moja, na bibi yangu angeielewa.

Tena neno lenyewe. Wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, hasa ule wa Shetani katika moyo wa mtu. Msomaji wa pwani analisikia hilo hata kama halitafakari. Mwenye wasiwasi ni mtu anayenong'onezwa, anayewaza ya kesho, anayeuliza kama mlango ameufunga. Hofu ni jambo jingine: ipo kitu mbele yako. Woga ni jambo la tatu, ni tabia ya mtu. Lugha yangu ya nyumbani, Luganda, inatenganisha vilevile. Okutya si okweraliikirira, na mtoto wa miaka mitano hachanganyi. Panya aliyejibanza ukutani, mwenzangu, unamwandikia lipi kati ya hayo? Kwa mwanadamu tunaujua wasiwasi kwa sehemu kubwa kwa sababu anatuambia. Daktari anauliza, mgonjwa anajibu. Panya hakuulizwa. Alihesabiwa sekunde.

Si mimi peke yangu ninayelalamika. Joseph LeDoux wa New York, ambaye umaarufu wake wenyewe umejengwa juu ya utafiti wa hofu kwa panya, aliandika mwaka 2014 kwamba neno hofu liachiwe hisia anazozitambua mwanadamu, na kwamba kinachopimwa kwa panya kiitwe mwitikio wa kujihami dhidi ya tishio. Kama mtu wa maabara ameona haja ya kusafisha msamiati wake, mtu wa idara ya Kiswahili anaogopa nini?

Na gharama ya kuchanganya mambo haya ipo. Chukua CRF, peptidi ya asidi amino 41 iliyotambuliwa na Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk mwaka 1981. Ukiidunga ndani ya ubongo wa panya, anajibana, hatembei, hachunguzi. Ilionekana wazi: hii ndiyo peptidi ya wasiwasi, ukiizuia umemponya mtu. Makampuni yakatengeneza dawa za kuizuia. Katika panya nyingi zilionekana kufaa. Moja wapo, peksaserfonti, ilijaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa wasiwasi na matokeo yakatolewa mwaka 2010: haikushinda kidonge kisicho na dawa. Nyingine, veruserfonti, ilijaribiwa kwa wanawake wenye kiwewe cha muda mrefu, nayo haikufaulu. Sisemi zilianguka kwa sababu ya neno. Sababu za dawa kushindwa ni nyingi. Lakini kama tungekuwa tumezoea kuandika "panya walijibana ukutani," nani angeruka kwa wepesi huo kutoka ukutani hadi kwa mama asiyelala usiku?

Huku kwetu gharama ni ya aina nyingine. Mwenzangu mmoja wa hosteli alinionyesha kwenye simu tangazo la Kiswahili la peptidi ya kupuliza puani, iuzwayo kwa wanafunzi wanaokaribia mitihani. Lilisema kumbukumbu "imethibitishwa kuongezeka maabara." Panya hawakutajwa popote. Aliyeandika tangazo lile hakutunga uongo mpya. Alichukua sentensi zetu fupi na kuziuza.

Najua hoja ya upande wa pili, na ile yenye nguvu ni hii: Waingereza nao husema kumbukumbu na wasiwasi wa panya, magazeti yao yamejaa "homoni ya mapenzi" kwa maana ya oksitosini, kwa nini sisi tujitese? Kwanza, hiyo homoni ya mapenzi ni mfano mbaya wa kuiga. Mwaka 1978 kundi la Utrecht liliripoti kwamba oksitosini huwafanya panya wasahau. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliripoti kwamba huimarisha kumbukumbu ya mahali kwa vipanya walio mama. Je, tuiite homoni ya usahaulifu, ya kumbukumbu, au ya mapenzi? Pili, wao walianza na makosa na sasa wanatumia nguvu nyingi kuyaondoa. Sisi msamiati wetu wa fani hii bado mbichi. Kuna faida gani kuchelewa kama tunachelewa ili tuchukue yaleyale?

Wala sidai kwamba peptidi hazina kazi katika ubongo. Ushahidi ninaouona imara kuliko wote unahusu jambo dogo. Kipanya dume akikutana na mwenzake mgeni humnusa sana. Wakikutana tena humnusa kidogo, maana anamjua. Vipanya walioondolewa kipokezi kimoja cha vasopresini, kiitwacho V1a, hunusa tena kama mara ya kwanza, ingawa pua zao zinatambua harufu za kawaida bila shida. Hapo neno kutambua linakaa sawasawa, bila kulazimishwa. Wenzetu wa Morogoro wanaowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu husimulia kazi yao hivyohivyo: amenusa, amesimama, amekwaruza, amepewa chakula. Ukisikiliza unajua kila kitu.

Madume hao wasio na kipokezi cha V1a walikuwa pia na jambo jingine: walitoka zaidi kwenye ile mikono isiyo na kuta. Watafiti walewale walipowapima majike mwaka 2005, hawakuona tofauti hiyo. Kiingereza hakitaji jinsia katika neno panya, wala Kiswahili. Ngeli yetu inawachukua wote kwa "a-" na "wa-", na mtafsiri asipoongeza neno dume, nusu ya wanyama inaingizwa katika matokeo ambayo hayakuwa yao. Kamusi ya istilahi inayoandaliwa na idara yetu imefika herufi P. Naomba chini ya neno panya yaandikwe mambo matatu: kipanya ni nani, dume au jike lazima atajwe, na alichofanya kitangulie kuandikwa kabla ya jina la hisia yoyote.